Baba Yumo Ndani Yake

Nyinyi mnaojidai mnajua Kiswahili, hebu nisaidieni kuusoma ujumbe huu: "Bibi, kesho tunakwenda makumbusho ya uhuishaji. Baba yumo ndani yake. Utamwona."

Haya, semeni. Mmeelewa nini? Basi msimcheke Bi Mgeni, maana yeye Kiswahili kakinyonya ziwani kwa mamake, Mwembetanga, Unguja, na bado ujumbe ule aliusoma na miwani, akausoma bila miwani, akaigeuza simu akatazama nyuma yake, labda maana imeangukia huko.

Aliyeuandika hakuwa mbali. Ni Ilham, mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na mitatu, na alikuwa nyumba hiyo hiyo ya Edmonton, chumba cha juu, juu ya kichwa cha bibi yake. Ndivyo walivyokuwa wakiishi tangu bibi aje Landani. Mtoto anaandika Kiingereza, simu inageuza Kiswahili, bibi anasoma, halafu bibi anajibu kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu. Na mtoto anamalizia, "Okay, Bibi." Kiswahili anakisikia, hilo halina ubishi, mwambie leta kijiko, analeta kijiko. Ila kukisema, aka! Ukimbana sana uso unamwiva, anainama, anakimbilia juu. Mama yake, Valeria, ni nesi, mtu wa Italia, Kiswahili chake ni "asante" na "pole" basi. Mwenye Kiswahili katika nyumba ile alikuwa Himid, na Himid ndiye aliyekufa.

Himid ndiye mtoto pekee wa Bi Mgeni. Aliugua ghafla, akafa, akazikwa kesho yake kama inavyotakiwa. Viza ya mama yake ilitoka majani yameshaota juu ya kaburi. Walimpeleka, akayaona majani, akaona kibao chenye jina, akasoma dua, akalia mpaka kamasi zikamtoka, lakini moyo ulikataa. Nyinyi hamjui jambo hilo mpaka likufikeni. Hukumwona akikoshwa, hukumwona akivishwa sanda, hukumwona akitoka mlangoni. Unaonyeshwa bustani, unaambiwa yumo humo. Bi Mgeni alikuwa akilala na swali moja, anaamka nalo, na hakuwa na wa kumuuliza: jamani, mwanangu yuko wapi?

Na sasa mtoto anamwambia yumo makumbusho.

Makumbusho Bi Mgeni anayajua. Alipelekwa na skuli zamani, akaona vitanda vya masultani na viti ambavyo hakuna anayevikalia. Ni nyumba ya vitu vya waliokufa. Na kuhuisha pia anakujua, ni kutia uhai, kazi ambayo Mola hakumpa mtu ubia. Sasa ukiviweka pamoja inakuwaje? Halafu akakumbuka kitu alichowahi kukisikia redioni, habari za mafuvu ya watu yaliyochukuliwa Ulaya enzi za ukoloni, na kwamba mengine mpaka leo yamo makumbushoni, yamepigwa namba.

Akamwita mtoto. Ilham akateremka, nywele zimemfunika uso, simu mkononi.

"Baba yako yumo makumbusho?"

"Yes, Bibi."

"Yumo ndani hasa?"

"Yes."

"Ndani ya kioo?"

Ilham akafikiri kidogo, maana huyu ni mtoto mkweli, hapendi kusema lisilokuwa. Akachora sanduku hewani kwa vidole vyake na kutikisa kichwa kwamba ndiyo, kioo, kikubwa. Tena akatabasamu! Bi Mgeni akashika ukuta. Valeria alikuwa kazini, shifti ya mchana, na hata angekuwepo, neno kama hilo unamwambiaje mkwe? Unamuuliza, "Mume wako ulimzika kweli?" Haliulizwi.

Usiku ule hakula. Alifungua begi lake akatoa kanga. Mnajua kanga huuzwa doti, vipande viwili. Siku Himid anaondoka kwao, Bi Mgeni alilikata doti lake katikati, zambarau yenye korosho nyeupe, kipande kimoja akamtilia mwanawe begini, kimoja akabaki nacho mwenyewe. Hicho alichobaki nacho ndicho alichokikunja sasa, pamoja na chupa ya marashi. Akiwa mwanawe kawekwa kwenye kioo hana nguo, atamfunika, na atakayemzuia na ajaribu.

Asubuhi Ilham alikuwa akizungusha kijiko kwenye bakuli, hali.

"Kula!" Bi Mgeni akamfokea, hofu yake yote ikitokea hapo. "Usije ukaniangukia njiani, miye sina mgongo wa kukubeba!"

Mtoto akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakamtikisika. Na Bi Mgeni akaona midomo yake ikichezacheza nyuma ya vidole, kama anayasema maneno yale yale kimyakimya. Ananicheka, akawaza. Tunakwenda kumtazama baba yake aliyekufa, na yeye ananicheka. Dunia imekwisha.

Wakapanda treni ya Overground, wakashuka Liverpool Street, wakapanda basi. Goti la kushoto la Bi Mgeni ni bovu tangu zamani, kwa hiyo ngazi zote alizipanda akichechemea na kuzilaani moja moja. Alipita kwenye daraja la mto bila kuuona mto. Watalii walikuwa wamejazana juu wanapiga picha, yeye kakumbatia begi lake, ananong'ona Yasini.

Makumbusho yenyewe yalikuwa ghala la zamani la matofali. Mlangoni palikuwa na watoto wengi, wengine wamevaa masikio ya sungura. Masikio ya sungura! Kwenye nyumba ya maiti! Bi Mgeni akamtazama Ilham, Ilham akamshika mkono, akamvuta ndani.

Chumba cha kwanza kilikuwa na pipa lenye matundu, unalizungusha, unachungulia. Akachungulia. Farasi anakimbia. Pipa likasimama, farasi akasimama. Akalizungusha tena, farasi huyo mbio. Akachungulia kwa juu: hamna farasi, kuna karatasi iliyochorwa farasi wengi, kila mmoja mguu wake uko mahali pengine. Haya, akasema moyoni, wameanza.

Chumba cha pili ndicho kilichommaliza. Kioo kutoka sakafuni mpaka dari, na ndani yake vichwa. Vichwa vitupu, vidogo, vingi, vimechomekwa kwenye vijiti, vingine vina nywele, vingine havina. Kando yake kisanduku cha macho. Kando yake kisanduku cha midomo, midomo mitupu, mmoja umefunguka, mmoja umebana, mmoja umecheka, imepangwa kwa safu kama vishikizo dukani. Na chini kabisa mikono, imekatiwa kwenye kiwiko.

"Lahaula!" Bi Mgeni akapiga ukelele. "Himid! Himid wangu mmemweka wapi? Nani mkubwa wenu hapa? Nipeni mwanangu!"

Watu wakageuka. Baba mmoja akamvuta mwanawe. Ilham akawa mwekundu, akamshika bibi yake kiunoni, akaanza kumwambia kitu kwa Kiingereza, harakaharaka, machozi yakimlenga. Na hapo akatokea mwanamke mwenye asili ya Kihindi, nywele fupi, beji kifuani, anakuja mbio.

"Mama! Kaa! Kaa hapa!"

Bi Mgeni akaduwaa, si kwa Kiswahili chenyewe, bali kwa ile amri.

"Nyamaza! Kunywa maji! Ngoja!" Akamletea kiti na chupa ya maji. Halafu, kama aliyekumbushwa na mtu, akaongeza, "Tafadhali."

"We mtoto, unamwamrisha nani?"

Yule mwanamke akashika kichwa. Jina lake Priya, mkaazi wa Stanmore, Landani hiyo hiyo, na kisa cha Kiswahili chake Bi Mgeni alikuja kukijua baadaye. Bibi yake Priya aliishi Nairobi miaka mingi, akahamia Uingereza na Kiswahili chake cha jikoni, kile cha kumtuma mpishi. Mjukuu akakiokota hivyo hivyo. Leta, fagia, funga mlango, wewe kuja hapa. Aliyemwambia kwamba hivyo si vizuri ni mfanyakazi mwenzake mmoja. Alimwambia, kila ukimaliza kusema, tia "tafadhali", angalau tusipigane. Mfanyakazi huyo ndiye Himid.

"Mimi, Himid, kazi moja," akasema Priya, akijigonga kifua. "Wewe mama yake. Mimi najua wewe. Simama, tafadhali. Kuja, tafadhali. Tazama, tafadhali."

Basi yamefika, akawaza Bi Mgeni. Akasimama. Akafungua begi, akaitoa kanga, akaikunjua kabisa ili asije akahangaika nayo mbele ya watu. Priya alipoiona ile kanga akaweka mkono mdomoni. Wakaingia chumba cha tatu, chumba cha giza, chenye viti na kiwambo kikubwa cha sinema, na pembeni kioo kimoja kimewashiwa taa. Bi Mgeni akafumba macho. Akasoma alichoweza kusoma. Akafumbua.

Palikuwa na nyumba. Nyumba ya kuchezea watoto, ukuta wa mbele haupo. Ndani mna seredani, mna mbuzi ya kukunia nazi ya ukubwa wa kiberiti, mna kitanda cha kamba. Na mlangoni kasimama kibibi, hakizidi urefu wa kiganja, simu sikioni, mdomo wazi, goti la kushoto limekunjika. Kajifunga kanga. Zambarau, korosho nyeupe.

Bi Mgeni akakisogeza kipande chake kwenye kioo. Zambarau kwa zambarau, korosho kwa korosho. Kipande alichomtilia Himid begini ndicho kilichokatwa, kikavishwa sanamu.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Wewe," Priya akakubali.

"Mimi ndiye niliyewekwa kwenye kioo?"

"Ndiyo."

"Na Himid?"

Priya akatafuta neno, hakulipata, bibi yake hakuwahi kulihitaji jikoni. Ikabidi atumie mikono. Akaukunja mkono wake mwenyewe kidogo, akasema, "Piga picha." Akaukunja tena kidogo, "Piga picha." Akaendelea hivyo, kidogo, picha, kidogo, picha, mpaka mkono ukafika shavuni. "Himid," akasema. "Kutwa. Kila siku."

Hapo Bi Mgeni akakaa mwenyewe bila kuamrishwa. Basi uhuishaji wenyewe ndio huo, sanamu kusogezwa na kupigwa picha mpaka ionekane inatembea, kama yule farasi wa pipani. Himid alimwambia miaka yote kwamba kazi yake ni kupiga picha, na yeye mtaa mzima akautangazia kuwa mwanawe ni mpiga picha Landani. Majirani walipouliza picha gani, akawajibu za pasipoti. Kumbe kutwa alikuwa akimpiga picha mama yake! Tena mama wa bandia! Sasa acheke au alie? Na maiti iko wapi? Na hii kanga amfunike nani? Ukweli hakujua hata aanze kushangaa kutokea upande gani.

Taa zikazimwa. Watoto wa masikio ya sungura wakakaa chini.

Kwenye kiwambo kile kibibi kikatoka mlangoni kikichechemea. Si kuchechemea tu, ni kuchechemea kwake yeye, kwa kutanguliza bega na kuvuta pumzi, na kuushika mlango kama unadaiwa. Kikawatazama kuku uani. "Kula!" kikafoka. "Usije ukaniangukia njiani, miye sina mgongo wa kukubeba!" Chini yakaandikwa maneno ya Kiingereza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Bi Mgeni akajisikia uso unawaka. Wananicheka. Mwanangu kanianika mbele ya watu, kanifanya kichekesho, na mjukuu wangu alikuwa anajua. Akataka kuinuka aondoke zake. Lakini masikio yake yalikuwa yameshika kitu, yanakataa kukiachia. Maneno ni yake. Kukokota kule "miye" ni kwake. Lakini sauti si yake. Ni sauti nzito iliyobanwa ikafanywa nyembamba, kama kijana anayemwiga mama yake jikoni huku mama mwenyewe kageuka anakoroga chungu. Mara ngapi alimrushia mwiko kwa mchezo huo!

"Himid," akasema.

Ilham akamshika mkono gizani. Hakuna aliyemsikia zaidi yake.

Akakaa. Akasikiliza kwa mwili mzima. Kibibi kikakuna nazi, kikagombana na paka, kikaipigia simu serikali kuhusu maji, na watu wakacheka tena, na safari hii Bi Mgeni akasikia kicheko chake mwenyewe kimo humo humo. Halafu jua la taa likazama nyuma ya nyumba. Kibibi kikafunika chungu, kikakaa kizingitini, kikaichukua simu.

"Hallo? Hallo! Himid! Wanisikia?" Kikaisogeza simu, kikaitazama, kikairudisha sikioni. Sauti ikashuka, ikawa ya chini, na uigizaji ukaiponyoka, ikabaki sauti ya mwanamume aliyechoka, ya Himid mtupu. "Umekula?"

Kiwambo kikawa cheusi.

Watu wakasubiri kidogo, wakapiga makofi. Bi Mgeni yeye hakupiga. Alikuwa akingoja jibu. Simu imepigwa, swali limeulizwa, mtu hujibu, hata akiwa mbali. Ukumbi ukaanza kutoka. Yeye bado yuko pale, kanga mapajani, anautazama weusi ule.

"Mbona hajibu?" akauliza. "Kwa nini hajibu?"

"Haikwisha," akasema Priya. "Jibu la Himid, mwisho. Yeye alisema, 'Hilo nafanya mwisho.' Halafu yeye kufa." Akafungua mikono yake mitupu.

Bi Mgeni akamwelewa. Labda ndilo neno la kwanza alilolielewa sawasawa siku ile. Swali limebaki hewani, limeulizwa kwa sauti ya mwanawe, na humu ndani hamna mwengine wa kulijibu. Tangu simu ile ya msiba alikuwa akitia chakula mdomoni kwa ajili ya watu, na hakuna mtu duniani aliyemuuliza.

"Sijala, mwanangu," akajibu, kwa nguvu, kuelekea kule kwenye kiwambo. "Tangu ulipokwenda sijala."

Kilio kikamshika. Si kile cha makaburini cha kutimiza wajibu, hiki kilimkunja. Priya akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu, naye machozi yanamtoka, akitafuta neno la kumpa na asilipate ila lile moja alilofundishwa.

"Lia," akamwambia. "Lia, tafadhali."

Akalia. Na alipokuwa analia hivyo, ndipo ikaja sauti kutoka kiti cha pembeni, ya kukokota, ya kike, ya kizee, ya Mwembetanga hasa.

"Haya, basi, we mwana we. Yatosha. Yatosha sasa."

Bi Mgeni akageuka akitafuta ni bibi gani wa Unguja aliyeingia humu bila kuonekana. Hapakuwa na mtu ila Ilham, nywele usoni, macho yamevimba.

"Nani kasema?"

"Miye," akasema Ilham.

Msinicheke, wasikilizaji. Msichana wa Edmonton, viatu vya michezo, kaptura juu ya soksi ndefu, kafungua mdomo, mwatoka ajuza wa miaka sabini.

"Baba alinifundisha hivi," akasema, polepole, kila neno na mvuto wake. "Kwa mdomo wa huyu kibibi. Kila siku tukicheza naye, baba anasema, miye nasema. Sijui kusema vingine. Nilichelea, bibi. Nilichelea utasema nakuiga."

Bi Mgeni akamkodolea macho. Siku zote zile! Kila "okay" ile, kila kukimbilia ngazini, kumbe mtoto alikuwa kaficha mdomoni sauti ya bibi yake, anaona haya kumwonyesha mwenyewe. Na chini ya sauti hiyo, pale mwisho wa neno inaposhuka, palikuwa na kile kishindo kidogo cha koo, cha Himid, ambacho hakuna simu wala kiwambo kingeweza kumgeuzia. Baba yumo ndani yake. Simu haikukosea hata kidogo. Yeye tu ndiye aliyedhani inasema habari za nyumba, kumbe za mtoto.

"Sema tena," akamwomba.

"Niseme nini?"

"Chochote. Nigombeze."

Ilham akajifuta pua kwa mkono wa fulana. Akasimama, akatanguliza bega la kushoto kidogo, akashika kiuno mbele ya bibi yake.

"Inuka, tukale," akafoka. "Usije ukaniangukia hapa, miye sina mgongo wa kukubeba!"

Bi Mgeni akaichukua ile kanga mapajani, akamtupia mtoto mabegani, akainuka.